Macho ya paka yaliyoshikana kwa tongo: mwongozo kamili wa kuyasafisha na kuyatunza nyumbani

Wengi wanaosafisha macho ya paka nyumbani hukwama mahali pale pale. Siku ya kwanza tongo hubanduliwa likiwa kavu na kope zikavimba. Kesho yake jicho linatiwa chai, keshokutwa asali, kisha anatokea mtu na kichupa cha dawa ya macho kilichobaki kwa bibi. Wiki ikiisha, kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, kimepiga ukungu. Mara nyingi mafua yaliyoanzisha tongo yangepoa yenyewe. Kilichobaki ni madhara ya vitu vilivyotiwa.

Tiba za asili zinazolifaa jicho ni chache: maji safi ya chumvi, joto la kiasi, chakula cha maana na nyumba isiyo na moshi. Mwongozo huu umemlenga paka, kwa kuwa ndiye anayefugwa karibu kila mtaa Unguja na Pemba. Mwenye mbwa au sungura ana sehemu yake fupi huko mbele.

## Vifaa vya kukusanya kabla ya kumshika paka

- Maji ya chumvi, ya dukani au ya kutengeneza mwenyewe (hatua ya 2).
- Gozi (shashi ya kufungia vidonda) kutoka duka la dawa, au kanga kuukuu ya pamba iliyokatwa vipande vya sentimita 5 kwa 5. Kata visivyopungua kumi na viwili, uvichemshe dakika 10, uvikamue na kuvifunika.
- Bomba la sindano la mililita 5 au 10, bila sindano yake.
- Taulo moja kubwa ya kumvingirisha.
- Vibakuli viwili safi, kimoja cha kila jicho.
- Tochi ya simu.
- Kadibodi laini na plasta kwa ajili ya kola.
- Sabuni, na ndoo au kifuko cha kutupia vipande vilivyotumika.

Pamba haimo kwenye orodha kwa makusudi. Nyuzi zake hunasa kwenye tongo, hubaki chini ya kope na kulikwaruza jicho. Ukiwa huna kingine, iloweshe kabisa, uikamue, kisha uipapase kwa kidole kuhakikisha hakuna nyuzi zinazoning'inia.

## Hatua ya 1: Tazama kabla ya kugusa

Mkalishe paka karibu na mlango penye mwanga, si juani, umtazame kwa dakika mbili. Unatafuta mambo manne: ni jicho moja au yote mawili, analifungua au amelifumba, tongo lina rangi gani, na kioo cha jicho kinang'aa au kimefifia.

Tongo dogo la kahawia kwenye kona ya pua asubuhi ni la kawaida. Lipanguse, basi.

Machozi ya majimaji macho yote mawili, pamoja na chafya na pua inayotiririka, ni mafua ya paka. Mara nyingi chanzo chake ni virusi vya hepesi au vya kalisi. Tongo likigeuka la njano au kijani, mara nyingi bakteria wameshaingia juu ya virusi.

Jicho moja likianza kuvimba utando wake wa ndani ukawa mwekundu na wenye majimaji, na siku chache baadaye likafuatwa la pili, fikiria klamidia, ugonjwa wa bakteria. Hiyo haiponi kwa maji ya chumvi peke yake. Inahitaji vidonge vya daktari, kwa kawaida kwa wiki nne, na paka wote wa nyumba hiyo hutibiwa pamoja.

Jicho moja limefumbwa na linatoa machozi, lakini paka hana mafua: mara nyingi huo ni mkwaruzo, au kuna kitu kimeingia.

Angalia pia kope la tatu, ule utando mweupe unaochomoza kwenye kona ya pua. Ukionekana macho yote mawili, mara nyingi shida iko mwilini: minyoo, kuharisha au upungufu wa maji. Ukionekana upande mmoja tu, jicho hilo huenda linauma.

### Haya hayasubiri, ni daktari siku hiyo hiyo

- Jicho linafumbwa kwa nguvu na paka hataki mwanga.
- Kioo cha jicho kina ukungu, ubuluu, doa jeupe au kama kishimo.
- Mboni mbili hazilingani ukubwa, au kuna damu ndani ya jicho.
- Jicho limevimba au limetoka mahali pake.
- Amepigana usiku na kuna alama ya ukucha. Tundu la ukucha hujifunga juu na usaha ukabaki ndani.
- Kuna mwiba au mbegu ya nyasi iliyochoma. Usiivute, huenda ndiyo inayoziba tundu.
- Paka mzee ameanza ghafla kugonga kuta huku mboni zikiwa zimetanuka. Kwa paka wazee hii mara nyingi ni shinikizo la damu.
- Mkubwa hajala siku nzima, au kitoto hajanyonya wala kula nusu siku.

Unapokwenda, funika jicho kwa gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi na umvalishe kola. Usimtie kitu kingine. Daktari atahitaji kutia rangi maalumu inayong'aa kijani pale penye mchubuko, na mafuta yoyote uliyopaka yatamzuia kuona. Aliye mbali, tuseme Micheweni au Makunduchi, apige simu kwanza na kutuma picha mbili: moja ya uso mzima, moja ya jicho kwa karibu bila mwako wa kamera.

Watu huchanganya hapa kuhusu chamba, yaani weupe kwenye kioo cha jicho. Weupe ulioachwa na ugonjwa wa zamani, paka akiwa anafungua jicho vizuri na halitoi machozi, ni kovu. Hauumi wala hautafuti dawa. Weupe mpya unaokuja na kufumba ni kidonda.

## Hatua ya 2: Tayarisha maji ya chumvi

Njia ya haraka ni kununua dripu ya chumvi tupu, chupa ya mililita 500. Soma lebo mwenyewe: iandikwe sodium chloride 0.9%, na pasiwe na neno dextrose. Dripu yenye dextrose ina sukari, nayo hunata kwenye manyoya na kuita sisimizi na bakteria. Chupa ikishatobolewa, itumie ndani ya saa 24, kwa sababu haina kitu cha kuzuia vijidudu.

Njia ya nyumbani ni hii:

1. Chemsha maji kama nusu lita kwenye sufuria yenye mfuniko. Yaache yatokote dakika 5.
2. Pima mililita 300 hadi 350 ndani ya chupa ya kioo au gudulia lililosuuzwa kwa maji ya moto. Pima baada ya kuchemsha, si kabla, maana sehemu ya maji huondoka na mvuke.
3. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi laini ya pakiti, kilichosawazishwa kwa kisu. Hiyo ni kama gramu 3.
4. Tikisa mpaka chumvi iyeyuke yote. Funika, uache yapoe hadi uvuguvugu.

Kipimo kinafuata machozi yenyewe, ambayo yana chumvi karibu gramu 9 kwa lita. Chumvi ikizidi, jicho huwaka na paka hatakubali kushikwa tena. Maji matupu nayo huchoma kidogo na kuvimbisha seli za kioo cha jicho.

Kosa kubwa la visiwani liko kwenye maji. Visima vingi vya mwambao huchanganyika na bahari, na ukiongeza chumvi ndani ya maji ambayo tayari yana chumvi kipimo chote kimeharibika. Yaonje kabla: yakiwa na ladha ya chumvi, tumia maji ya chupa. Maji ya mfereji yanayoacha magamba meupe ndani ya birika yana chokaa. Yachemshe, yaache yatuame, uchukue ya juu. Chumvi ya mawe inayouzwa kwa kopo iache jikoni, kwani mara nyingi huwa na mchanga.

Maji ya leo ni ya leo. Yaliyofika saa 24 yamwage, hata kama yanaonekana safi kabisa.

Utajua yako tayari ukidondosha tone ndani ya kiwiko cha mkono usisikie joto wala baridi, na ukiyaonja yana chumvi nyepesi kama ya machozi.

## Hatua ya 3: Mvingirishe

Nawa mikono kwa sabuni. Tandika taulo juu ya meza, mweke paka katikati akiwa amekupa mgongo, kisha leta upande mmoja wa taulo juu ya miguu ya mbele na shingo, na upande wa pili juu yake. Kichwa kibaki nje, miguu yote minne ndani. Mtu wa pili amshike mabega kwa viganja bila kubana kifua.

Paka awe amekupa mgongo kwa sababu mkono unaomjia usoni anauona kama shambulio. Ukitokea nyuma ya sikio, ukampitishia kidole shavuni kwanza, wengi hutulia. Usimshike ngozi ya shingo na kumninginiza. Ni mazoea ya zamani yanayomtia hofu tu.

Akihema mdomo wazi, mwachie apumzike. Paka mwenye mafua ameziba pua, na hofu humkatia pumzi.

Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Kama ni paka usiyemjua, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulize kuhusu kichaa cha mbwa.

## Hatua ya 4: Lainisha kwa joto, usibandue

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tongo kavu limegandamana na kope na manyoya mafupi. Ukilivuta linatoka na ngozi, kope zinavimba, na uvimbe huo unaleta tongo jingine.

Chovya kipande kwenye maji ya vuguvugu ya chumvi, kamua kidogo, kiweke juu ya jicho lililofumba bila kukandamiza. Kikipoa, weka kingine. Endelea dakika 3 mpaka 5 ukitazama saa, si kwa kukisia. Dakika tano ni ndefu kuliko unavyodhani ukiwa umeshika paka.

Joto hili si la kulainisha tu. Linaongeza mzunguko wa damu kwenye kope na kufungua vijitezi vya mafuta vilivyoziba. Nadhani ndiyo sababu chai ya rangi imesifiwa miaka yote: aliyeikanda alikanda kwa joto, na joto ndilo lililosaidia.

Umefaulu tongo likigeuka kuwa kama uji na kuteleza lenyewe ukigusa. Likiwa bado gumu, rudia dakika nyingine tatu.

## Hatua ya 5: Panguza kutoka puani kwenda nje

Kipande kimoja, mpanguso mmoja, kisha kitupe. Anzia kona ya pua, vuta taratibu kuelekea sikioni, juu ya kope na si juu ya jicho lenyewe. Ukirudia kwa kipande kile kile unarudisha usaha ulikoutoa.

Anza na jicho lililo afadhali, umalizie na baya. Kila jicho na kibakuli chake, na kipande kilichogusa jicho kisirudi ndani ya bakuli.

Chini ya jicho kunaweza kuwa na mstari wa machozi uliokauka hadi puani. Usafishe pia, kwa sababu ngozi inayobaki na unyevu huchubuka na nzi huja. Safisha na matundu ya pua, maana paka asiyesikia harufu hali, na asiyekula haponi.

## Hatua ya 6: Suuza

Vuta mililita 3 hadi 5 za maji ya chumvi kwenye bomba. Inamisha kichwa kidogo upande wa jicho unalolisuuza ili maji yasiende jicho la pili. Tenganisha kope kwa kidole gumba na cha shahada, achia maji matone kwa matone kutoka kona ya pua. Bomba libaki umbali wa sentimita 2, wala usilielekeze katikati ya jicho moja kwa moja. Mkondo wa nguvu unaweza kusukuma mchanga chini zaidi ya kope.

Kama unashuku mchanga, vuta kope la chini utazame kwa tochi. Punje inayoelea itatoka na maji ya mara ya pili au ya tatu. Isiyotoka baada ya mililita 20 mwachie daktari. Kucha zako na kibanio havina kazi hapo.

Jicho lililosafishwa vizuri hufunguka lenyewe ndani ya dakika chache, na kioo chake huakisi mwanga wa mlango kama doa moja kali lenye kingo safi. Doa likiwa limevunjika au limefifia, rudi kwenye orodha ya hatua ya 1.

## Hatua ya 7: Kausha na zuia kucha

Gusagusa manyoya kwa kipande kikavu. Paka akijikuna baada ya hapo, mtengenezee kola ya kadibodi: kata duara lenye upana wa sentimita 25, toa tundu la shingo katikati, pasua upande mmoja, kunja liwe kama faneli na ufunge kwa plasta. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Mvue wakati wa kula, ukiwa umekaa naye.

Ukucha mmoja unaweza kufanya kwa usiku mmoja kile ambacho virusi havikufanya kwa wiki.

## Hatua ya 8: Rudia, na ujue lini uache

Mara mbili hadi tatu kwa siku kwa paka mkubwa, mara nne kwa kitoto. Asubuhi usikose, kwani tongo la usiku ndilo linaloganda zaidi.

Baada ya saa 24 kope zisiwe zimeshikana kama jana. Baada ya saa 48 afungue jicho bila kukunja uso. Mafua yenyewe huchukua siku 7 hadi 14, na tongo linapaswa kuwa jepesi na lisilo na rangi kadiri siku zinavyokwenda. Tongo la kijani lisilopungua ndani ya siku mbili, au lililopungua kisha likarudi, linataka dawa.

Makosa ya kuacha mapema ni ya kawaida kuliko ya kuzidisha. Endelea kusafisha siku mbili baada ya jicho kuonekana limepona.

Daktari akitoa marhamu ya jicho, safisha kwanza, ngoja dakika 5, kisha tia mstari wa marhamu wa urefu wa punje ya mchele ndani ya kope la chini bila ncha ya tyubu kugusa jicho. Kukiwa na matone na marhamu, matone hutangulia, na dakika 5 zipite kati yake. Akitoa vidonge vya doxycycline, fuatisha kila kidonge na mililita 5 za maji au chakula, kwani kidonge kikavu hunasa kooni mwa paka na kuchoma umio.

## Kitoto ambaye macho hayajafunguka

Watoto wa paka hufungua macho kati ya siku ya 7 na ya 14. Kabla ya hapo kope zilizofungwa ni za kawaida, usizifungue.

Lakini kope zikituna kama zina kitu nyuma yake, au usaha ukatokeza konani, kuna maambukizi yaliyofungiwa ndani na jicho linaweza kuharibika ndani ya siku chache. Vivyo hivyo kwa kitoto aliyepita siku 14 na bado hajafungua.

Kanda kwa joto dakika 5. Kisha, kuanzia kona ya pua, tandaza kope kwa vidole viwili kwa upole sana, kidogo kidogo, bila kutumia ukucha wala kitu chenye ncha. Usaha utatoka, suuza mpaka maji yatoke safi. Mrudishe kwa mama yake mara moja, kwani kitoto mchanga hupoteza joto haraka, kisha mpeleke kwa daktari siku hiyo. Tazama na ndugu zake: akiugua mmoja, wengine wako njiani.

## Vya jikoni na kabatini visivyoingia jichoni

Mafuta ya karafuu. Pemba na Unguja hayakosekani, na kwa jino la binadamu yana sifa zake. Kwa paka ni sumu. Ini lake halina uwezo mzuri wa kuvunja eugenoli, kemikali iliyomo, na jichoni yanaunguza. Hata kumpaka karibu na uso si salama, maana atajilamba. Mafuta ya mikaratusi na mchaichai yawekwe kundi hilo hilo.

Asali mbichi. Ni kweli asali huzuia bakteria, lakini ya mzingani haikusafishwa kwa ajili ya jicho. Ina vumbi, chavua na mbegu za bakteria, na inawasha.

Chai ya rangi. Isiyo na sukari haina madhara makubwa, ila haina faida zaidi ya maji ya chumvi, na inabadili rangi ya manyoya hata usijue tongo lilikuwa la rangi gani.

Maziwa, ya mama au ya ng'ombe. Ni chakula cha bakteria.

Ndimu, siki, kitunguu, juisi ya mwarobaini, mafuta ya habasoda. Hapana, yote.

Dettol na sabuni za dawa za namna hiyo. Paka hustahimili vibaya sana kemikali za jamii ya fenoli, hata zilizozimuliwa.

Dawa ya macho ya binadamu. Soma majina madogo kwenye kichupa. Ukiona dexamethasone, betamethasone, hydrocortisone au prednisolone, iweke chini. Hizo hupunguza wekundu kwa siku moja, jicho likaonekana limepona, huku kidonda kilicho chini kikiendelea kuchimbika mpaka kioo cha jicho kikatoboka. Ndiyo sababu ya kichupa cha bibi kuharibu macho mengi hivi.

Panadol. Usimpe kwa maumivu ya jicho wala ya kitu chochote. Robo ya kidonge yaweza kumuua.

## Kikimwagika kitu cha kuunguza

Mji Mkongwe hukarabatiwa kwa chokaa, na paka hulala kwenye mapipa na marundo yake. Chokaa ikimwingia, pukuta kwanza unga ulio kwenye manyoya, kisha suuza jicho kwa maji yoyote safi uliyo nayo karibu, dakika 20 mfululizo. Hapa usisubiri kuchemsha wala kupima chumvi. Usitie siki wala ndimu ukidhani utaizima, utaongeza kuungua. Kisha nenda kwa daktari, hata kama anafungua jicho.

Fanya hivyo hivyo kwa utomvu wa mnyaa unaopandwa kuwa ua, na kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe.

## Moshi, upepo na vyombo

Chetezo cha udi kikipita nyumba nzima jioni, paka mwenye mafua yuko sakafuni au chini ya kitanda anakohoa. Ubani, jiko la mkaa, kuni na dawa ya mbu ya kuchoma, vyote vinawasha jicho lililochubuka. Kipindi cha ugonjwa mhamishie chumba kimoja chenye dirisha, na ufukizaji ufanyike kwingine. Wakati wa kaskazi, upepo mkavu na vumbi vinapozidi, asilale mkabala na dirisha wala feni.

Dawa ya kupulizia wadudu, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin, isimkaribie paka kabisa.

Mtenge na wenzake. Virusi vya hepesi havidumu hata siku moja nje ya mwili, lakini vya kalisi vinaweza kukaa wiki nzima kwenye bakuli na sakafu. Osha vyombo kwa sabuni, kisha visuuze kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, uviache dakika 10, usuuze tena na kuvianika juani.

Pua ikiwa imeziba, jifungie naye chooni penye ndoo ya maji ya moto iliyofunikwa nusu, dakika 10, mara mbili kwa siku. Mvuke mtupu, usitie majani wala mafuta ya kunukia.

## Chakula kinachofika machoni

Karoti haimsaidii. Mwili wa paka hauwezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A. Lazima aipate kwenye nyama. Kipande cha ini la kuku cha ukubwa wa kidole gumba mara moja kwa wiki kinatosha, na ini kila siku ni kumzidishia, kwani vitamini A ikirundikana huharibu mifupa.

Kikubwa zaidi ni kirutubisho kiitwacho taurini. Paka anayelishwa wali au ugali uliochovywa mchuzi kwa miezi mingi huikosa, na sehemu ya nyuma ya jicho huanza kufa bila tongo wala wekundu wowote. Hairudi. Taurini iko kwenye samaki, moyo wa ng'ombe, mapaja ya kuku na chaza. Inayeyuka kwenye maji ya kuchemshia, kwa hiyo supu usiimwage, mpe.

Mgonjwa asiyetaka kula mpashie dagaa au jodari moto kidogo, bila chumvi, kitunguu wala thomu, umsogezee puani. Joto huamsha harufu.

Vidonge vya laisini vinavyosifiwa mtandaoni kwa hepesi ya paka havijaonyesha faida vilipochunguzwa. Hela hiyo nunulia samaki.

## Mbwa na sungura

Hatua za kusafisha ni zile zile. Mbwa mwenye tongo zito la kunata kila siku, na jicho lisilong'aa, huenda amekaukiwa machozi. Kusafisha kutampa nafuu ya saa chache, ila tiba yake ni matone ya daktari ya maisha yote.

Sungura anayetokwa machozi jicho moja mara nyingi ana mizizi ya meno iliyorefuka na kubana mfereji wa machozi. Mpe majani na nyasi kwa wingi kuliko unga, na aangaliwe meno kabla hujahangaika na jicho.

## Ikirudi tena

Paka wengi waliougua hepesi hubaki na virusi maisha yote. Huamka akipata msukosuko: kuhama nyumba, wageni wa harusi, mafundi, kuletewa paka mpya, au kunyonyesha. Machozi ya jicho moja siku nne hadi kumi baada ya shughuli ndiyo dalili.

Anza hatua ya 2 siku hiyo hiyo, kabla tongo halijaganda. Mwandalie mapema chumba cha nyuma chenye sanduku, maji na mchanga wake kabla watu hawajajaa nyumbani. Chanjo ya mafua ya paka haizuii maambukizi yote, lakini inapunguza ukali, na hutolewa akiwa mzima. Muulize daktari wa mifugo wiki mbili au tatu baada ya jicho kukauka, na wapeleke na wenzake wa nyumba hiyo kwa safari moja.